Mfungulie Aende Zake



Kwenye mafundisho ya Jumatano liliulizwa swali ambalo hatukulimaliza, kwa kuwa giza liliingia na wengine walikuwa na mteremko mrefu wa kurudi nyumbani. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza hivi: je, ni halali mbele za Mungu kwa Mkristo aliye kambini, anayeishi kwa pesa za msaada, kumlisha ndege kipofu ambaye haliwi, hauzwi na hana kazi yoyote? Mzee hakunitaja jina, lakini watu wote waligeuka kunitazama, maana ndege huyo yuko nyumbani kwangu. Mhariri wa jarida letu ameniomba nijibu kwa maandishi. Nitajibu kadiri nilivyojaliwa, ila mniruhusu kwanza nieleze ndege huyu alikotoka, kwa sababu swali la mzee lina swali jingine lililolitangulia.

Mwaka 2023 mama yangu alipewa rufaa ya kwenda Kigali kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa wakati ule alikuwa anatofautisha mchana na usiku tu na vivuli vya watu. Tulifikia kwa mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye alikuwa mlinzi na mtunza bustani katika nyumba moja ya Kiyovu, akiishi katika chumba cha nyuma. Wanaoifahamu Kigali wanaijua Kiyovu: mlima wenye miti mikubwa na barabara za kivuli, kuta ndefu, balozi na hoteli. Upande wa chini palikuwa na mtaa mwingine wa jina hilo hilo, Kiyovu cy'Abakene, yaani Kiyovu cha maskini, hadi nyumba zake zilipobomolewa mwaka 2008 na baadhi ya wakazi wakahamishiwa Batsinda. Siku hizi mtu akisema Kiyovu anamaanisha ile ya juu, yenye maua.

Mwenye nyumba alikuwa mgeni aliyemaliza mkataba wake wa kazi, akijiandaa kurudi kwao. Kwenye baraza yake kulikuwa na kizimba cha waya, na ndani yake ndege mmoja wa jamii ya chiriku, wa rangi ya manjano, wale wanaoitwa kanari. Macho yake yalikuwa na weupe kama tone la maziwa. Alikuwa kipofu kabisa. Ugonjwa wake ulikuwa ule ule wa mama yangu, mtoto wa jicho, ambao kwa baadhi ya koo za kanari hurithiwa kutoka kwa wazazi. Siku mbili kabla ya safari yule mwenye nyumba alimwita ndugu yangu akamwambia: gari hili nimeliuza, viti hivi chukua, na huyu ndege mfungulie aende zake, nataka awe huru.

Ndugu yangu alikuja kutusimulia kwa furaha, akiona bosi wake ana moyo mwema. Mama alikuwa ameketi kitandani akimenya ndizi kwa kupapasa. Akauliza, “Aende wapi?”

Ndugu yangu akasema, “Popote, mama mkubwa. Kiyovu ina miti mingi.”

Mama akasema, “Mwanangu, miti hiyo ataionaje?”

Basi tukanyamaza. Ninakiri kwenu kwamba mimi nilikuwa upande wa yule mgeni. Nilifikiri: ndege aliumbwa aruke, kizimba ni gereza, na hata akifa nje siku ya kwanza, amekufa akiwa huru. Ni maneno matamu. Mkimbizi yeyote akisikia neno uhuru moyo wake unaruka, na mimi pia.

Hata hivyo tuangalie jambo lenyewe lilivyo. Kanari si ndege wa hapa. Asili yake ni visiwa vya Kanari, vilivyo baharini kaskazini magharibi ya Afrika, na visiwa vya jirani. Watu wa Ulaya wamemfuga vizimbani kwa zaidi ya miaka 400, kizazi hata kizazi, wakichagua wenye sauti nzuri na rangi nzuri. Huyu wa Kiyovu hakuwahi kutafuta mbegu kwenye nyasi hata alipokuwa anaona. Ndege mdogo kama huyo ana uzito wa gramu kama 20. Hana akiba mwilini, na akikosa chakula siku nzima anaweza kufa. Asipouona mwewe, hamkimbii. Kumfungulia ndege wa namna hii ni kumwua kwa mkono wa mwingine, na aliyefungua mlango ameondoka zake na dhamiri safi.

Hapo ndipo ninapoliona kosa, nalo ni kosa la namna ya pekee. Mtu amemnunua ndege, amemfungia, amefurahia wimbo wake, na ndege amepofuka akiwa mikononi mwake. Siku anapoanza kuwa mzigo, ndipo neno uhuru linapokuja kinywani. Simhukumu mtu yule, hata jina lake silijui vizuri. Ila Pilato naye alinawa mikono, na maji aliyotumia yalikuwa safi.

Nitaeleza sasa kwa nini swali la mama lilinichoma. Tulipokimbia kutoka Kongo mwaka 2012, wakati wa vita vya M23, mama alikuwa bado anaona mchana, lakini jioni hakuona hata shimo lililo mbele ya miguu yake. Tulikuwa kundi la nyumba tano tukitembea usiku. Mahali fulani tulisimama kupumzika na mwanaume mmoja akasema kwa sauti ya huruma kabisa kwamba mzee huyu angeachwa kwenye kanisa lililokuwa karibu, apumzike, watu wema wangemkuta asubuhi. Hakusema aachwe afe. Alisema apumzike. Na mimi, mtoto wake wa kumzaa, sikutamka neno. Nilikuwa nimechoka, nina mtoto mgongoni, na nilihesabu moyoni. Aliyemshika mama mkono ni jirani tu, mwanamke ambaye hata si wa kabila letu, akasema twende. Tukafika Nkamira, baadaye tukaletwa hapa Kigeme. Miaka 11 mama hakuwahi kulitaja jambo lile. Nilipomsikia akiuliza “Aende wapi?” nilijua kwamba usiku ule alikuwa amesikia kila kitu.

Ndiyo maana ninasema swali hili si la ndege peke yake, ingawa ni la ndege pia.

Tusome Matendo sura ya 12. Petro yuko gerezani, malaika anakuja, minyororo inaanguka, lango la chuma linafunguka lenyewe. Wengi tunaishia hapo na kupiga makofi. Angalieni yale madogo yaliyo kati: malaika anamwambia Petro ajifunge mshipi, avae viatu, ajitande vazi lake. Kisha anatoka pamoja naye na kutembea naye mpaka mwisho wa njia moja, ndipo anamwacha, wakati Petro anaweza kwenda mwenyewe mpaka nyumba ya Mariamu mama yake Yohana. Petro alikuwa na macho na alikuwa na nyumba ya kwenda. Bado malaika hakumfungulia na kusema aende zake.

Pale pale Rwanda kuna watu waliolielewa jambo hili kwa vitendo. Kwa miaka mingi nyumba za wenye uwezo na hoteli mjini Kigali zilipenda kuweka bustanini korongo wenye taji, ambao Wanyarwanda huwaita imisambi. Ni ndege mrefu, mzuri, na kwa mila ya hapa ni alama ya maisha marefu. Ili asiruke, walimkata manyoya ya bawa, na wengine walimvunja bawa kabisa. Ndugu yangu alisema alipofika Kiyovu mara ya kwanza aliwaona wakitembea kwenye nyasi kama kuku wa kifalme. Kuanzia mwaka 2014 shirika la RWCA, lililoanzishwa na daktari wa wanyama Olivier Nsengimana, lilifanya kazi na serikali kuwakusanya: mwenye korongo alitakiwa amtaje, bila kuadhibiwa. Waliokuwa wazima walipelekwa Hifadhi ya Akagera, wakakaa kwanza mahali penye ulinzi hadi manyoya yao yakaota na wakazoea pori. Lakini walikuwepo ambao mabawa yao hayangepona kamwe. Hao hawakupelekwa Akagera kwa jina la uhuru. Walitengenezewa mahali pao pembeni ya jiji la Kigali, panapoitwa Umusambi Village, penye maji na matete, ambapo wanaishi zaidi ya 50 ambao hawawezi tena kuishi porini. Waliovunjwa mabawa na wanadamu wanatunzwa na wanadamu mpaka siku yao ya mwisho. Ninaona haki hapo. Sio kila aliyemvunja ndiye anayelipa, lakini deni linalipwa.

Nirudi kwa kanari wetu. Asubuhi ya safari bosi alitaka kuona kwa macho yake, basi ndugu yangu akafungua mlango wa kizimba. Ndege akasogea, akaugusa ukingo kwa ukucha, akainamisha kichwa akisikiliza magari ya barabarani. Kisha akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kijiti chake. Bosi akacheka kidogo, akaingia kwenye gari. Wiki iliyofuata tukiwa na miadi nyingine ya macho, tulipanda basi Nyabugogo tukiwa na mama, begi moja na kizimba kilichofunikwa kitenge. Kondakta alitutoza nauli ya mzigo.

Sasa lile swali la mzee. Tangu Machi 2021, PAM ilipopunguza msaada wa chakula kwa wakimbizi wa Rwanda kwa asilimia 60, kila nyumba hapa imejifunza kupima upya. Mzee ana haki ya kuuliza, na anayemcheka hajui njaa. Nilifanya hesabu. Kanari anakula mbegu kijiko kimoja cha chai kwa siku, au kupita kidogo. Kwa mwaka mzima ni kama kilo mbili za ulezi au uwele. Mboga yake ni jani moja la mchicha, au lengalenga kama tunavyouita kwetu, na jani hilo ni la lazima, kwa sababu ndege anayekula mbegu kavu tu hukosa vitamini A, na upungufu huo nao huharibu macho, kama unavyofanya kwa watoto wetu. Kilo mbili kwa mwaka hazimwondoi mtoto yeyote njaani. Lakini sitaki kushinda hoja kwa kijiko cha chai. Siku ambayo kijiko hicho kitatoka kinywani mwa mtoto, wa kwangu au wa jirani, ndege atangoja na mtoto atakula, na sitahitaji kuuliza mchungaji. Ninachokataa ni kusema kwamba kwa kuwa sisi ni maskini, huruma yetu imefungwa kisheria mpaka tutakaporudi kwetu.

Kuna habari ya kale inayohusu jambo hili, na inatugusa kwa sababu ni ya Wabelgiji, ambao walitawala Kongo na Rwanda. Katika nchi yao, upande wa Flanders, kuna mchezo wa kushindanisha ndege wa jamii ya chiriku. Kila ndege huwekwa kwenye kisanduku kidogo cha mbao, na kwa saa moja mtu anahesabu amepiga wimbo wake mara ngapi, akichora alama za chaki kwenye fimbo. Zamani waliona kwamba ndege asiyeona hatazami huku na huku, anaimba tu. Kwa hiyo waliwapofusha kwa makusudi, kwa waya wa moto uliounganisha kope za macho. Iliendelea hivyo miaka mingi, na watu walioenda kanisani kila Jumapili walicheza mchezo huo mchana. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kulikuwa na askari waliopofuka vitani. Askari hao vipofu ndio waliosimama na kudai kwamba ndege wasipofushwe tena, na mwaka 1920 jambo hilo likapigwa marufuku.

Ninawafikiria sana watu wale. Walikuwa na madai yao wenyewe: pensheni, kazi, fimbo, mtu wa kuwasomea barua. Nani angewalaumu kama wangesema, shughulikieni binadamu kwanza? Lakini hakuna mtu mwingine aliyeweza kusema walichokisema. Mtu mwenye macho akimtetea ndege kipofu anaweza kuambiwa ana moyo laini tu. Askari kipofu akisema najua giza hilo likoje, mkutano wote unanyamaza. Yaliyowapata hayakuwaondolea haki ya kumtetea mwingine. Yaliwapa.

Wengine kwenye mafundisho walisema ndege amalizwe, ndiyo huruma. Wafugaji wanajua kwamba kuna mnyama anayeteseka kiasi kwamba kisu ni rehema, na silipingi hilo. Ila kwanza tuulize kama anateseka, au ni sisi tunaoteseka kwa kumtazama. Huyu anakula, anajisafisha manyoya, anaimba alfajiri kabla ya majogoo ya kwa jirani. Na jambo hili lilinishangaza: wataalamu walithibitisha zamani kwamba ndege, hata aliyepoteza macho, bado huhisi mwanga wa mchana kupitia fuvu la kichwa, ndani ya ubongo wenyewe. Ndiyo maana kizimba kiko dirishani. Hauoni mchana, lakini anajua umefika.

Matunzo yake ni mepesi, na karibu yote mama ndiye aliyetufundisha. Vijiti vya kutulia tumevishusha karibu na sakafu ya kizimba, ili akianguka asiumie, na chini tumetandika kitambaa. Chombo cha maji ni kifuniko cha kopo, chenye kina kifupi asizame. Kabla ya kuingiza mkono unamsemesha au unapiga mluzi, kwa sababu mkono usio na sauti kwake ni nyoka. Usiku unamfunika, unaweka mbali na panya. Na kubwa kuliko yote: usihamishe kitu. Mbegu kushoto, maji kulia, kijiti kirefu katikati, leo na kesho na mwezi ujao. Kipofu anabeba nyumba yake kichwani. Ukikisogeza chombo sentimita kumi kwa ajili ya kufagia, umembomolea nyumba bila yeye kujua kosa lake. Walawi 19 inakataza kuweka kikwazo mbele ya kipofu. Zamani nilidhani amri hiyo ni kwa watu wabaya wenye mzaha. Kumbe inamhusu pia anayefagia kwa haraka.

Na hili nadhani kila mmoja wetu analijua mwilini mwake. Sisi ni watu tuliohamishiwa vyombo. Tuliamka siku moja mlango hauko ulipokuwa, kisima hakipo, jirani hayupo, na tulipapasa hewani kama ndege anayedonoa pasipo na mbegu.

Mzee aliuliza pia kama Mungu anajishughulisha na jambo dogo hivi. Mzee wangu, linganisha Mathayo 10 na Luka 12. Kwa Mathayo shomoro wawili wanauzwa kwa sarafu moja ndogo. Kwa Luka watano kwa sarafu mbili. Maana yake ukinunua wanne, wa tano unaongezewa bure sokoni, hana bei. Yesu anasema hata mmoja wao hasahauliwi, na huyo wa nyongeza amo ndani ya hesabu hiyo. Na Kumbukumbu la Torati 22 inatoa sheria kuhusu kiota cha ndege njiani, asichukuliwe mama pamoja na makinda, na sheria hiyo ndogo imepewa ahadi ya siku nyingi za kuishi, ile ile aliyopewa anayewaheshimu baba na mama. Siku hizo Waisraeli nao walikuwa njiani, wakiishi kwenye mahema.

Sijui kama nimemjibu mzee wetu kwa ukamilifu. Ninajua kwamba kuna nyumba hapa yenye mgonjwa asiyetembelewa, na akinionyesha nyumba hiyo akisema anzia huku, nitakwenda, naye twende pamoja.

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho moja, na anaona. Siku walipomtoa bandeji alitutazama mmoja mmoja, akasema nimezeeka, na ni kweli. Tuliporudi nyumbani tulitaka kupanga upya chumba kwa furaha, meza iende ukutani, kitanda kiwe karibu na mlango. Alikubali kila kitu isipokuwa dirisha. Wiki iliyopita mjukuu wake alifagia pale, akaacha kifuniko cha maji upande wa kushoto. Mama alikuwa nje akichambua maharage. Aliusikia mdomo wa ndege ukigonga waya mtupu, akaita bila kuinua kichwa, “Rudisha pale kilipokuwa.”